Mashine Iliyotuma Bila Kupokea

Nyumba tuliyoishi haikuwa yetu, ilikuwa ya phonie. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye daftari la ofisi ya misheni: nyumba ya matofali, vyumba viwili, bati juu, nyuma ya ofisi, kwa ajili ya mtu wa phonie. Phonie ni ile redio ya kusemea kutoka kituo hadi kituo. Katika Bunia ya miaka hiyo simu haikuwa ya kutegemea, na barua ya Kisangani ingeweza kukaa njiani miezi miwili, au isifike kabisa. Mtu aliyetaka kumwambia kaka yake wa Mongbwalu kwamba mama yao amelazwa alikuja kwetu na kipande cha karatasi. Mimi niliisoma karatasi hiyo kwenye kipaza sauti, saa nne asubuhi au saa tisa alasiri, na Mongbwalu yote ikasikia.

Kazi hiyo niliiingilia kwa fagio. Baba alikufa kwanza, na mama akamfuata kabla mwaka haujageuka. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mwaka wa pili wa sekondari, na nyuma yangu walikuwa watatu: dada mmoja na wadogo wawili wa kiume, wa mwisho hajang'oa hata jino la utoto. Siku ya kumaliza matanga, wakubwa wa ukoo waliketi uani wakatugawa. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Ndivyo ilivyofanywa kwetu, yatima hawaachwi peke yao. Baba mdogo wa Gety alimtaka mdogo wangu wa kwanza kwa ajili ya ng'ombe wake. Shangazi wa Mongbwalu alimtaka dada. Wa mwisho angekwenda Kilo, kwa watu wa mama. Mimi niliambiwa kwamba nimeshafika umri wa kuolewa.

Nilisimama nikasema hapana, wanabaki na mimi. Bibi mmoja akapiga makofi kwa kucheka.

"Muangalie huyu! Mwenyewe iko mutoto, na anataka kuzaa batoto batatu siku moja!"

"Balishazaliwa, koko," nikamjibu. "Kazi ya nguvu ilishapita."

Watu walicheka, na kicheko hicho kilinipa nafasi. Lakini baba mdogo hakucheka. Alininyooshea kidole, si kwa hasira, kama mtu anayeweka alama kwenye mti. "Sawa. Muda gani muko chini ya bati moja, mimi nanyamaza. Siku bati itakosekana, nakuja kuchukua wa kwangu."

Niliacha shule wiki hiyo. Nilipata kufagia ofisi ile ya misheni, na kwa sababu nilifagia chumba cha phonie polepole kuliko vyumba vingine, mzee aliyeisemea alinitambua. Alinifundisha kusoma karatasi za watu bila kuongeza wala kupunguza. Alinifundisha kupiga mashine ya kuandika. Na zaidi ya yote alinifundisha kuita. Kila jina huitwa mara mbili, lako na la unayemwita: "Gety Gety, hapa Bunia Bunia." Ukimaliza kusema unafunga kwa "à vous", yaani zamu yenu. Nikiita mara moja alipiga meza kwa kiganja.

"Jina ya kwanza ni ya mvua," alikuwa akisema. "Ya pili njo ya mutu."

Alisema kweli. Mbingu ya Ituri ina makelele yake, na jina la kwanza humezwa karibu kila siku. Mzee alipochoka akarudi kwao Mahagi, mimi nikapewa kiti chake, na pamoja na kiti nikapewa nyumba. Tulihamia na mikeka miwili, sufuria, na sanduku la mama. Niliwalaza wadogo zangu chini ya bati lile miaka mingi bila mtu wa Gety kupiga hodi.

Kisha, miaka ya themanini ikiwa inaisha, ikaja mashine.

Ililetwa kwa ndege ndogo, na pamoja nayo fundi mmoja mgeni aliyesema Kifaransa polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Ilikuwa kompyuta ya kwanza kuiona kwa macho yangu. Haikuwa na picha yoyote, kioo cheusi tu na herufi za kijani, na kila ulichotaka ulikiomba kwa kuandika. Kando yake aliweka kijisanduku cha chuma, akakiunga kwa waya kwenye redio yetu. Akanieleza. Unaandika barua kwenye kioo. Saa yake ikifika, kijisanduku kinaigeuza barua kuwa mlio, redio inaurusha mlio mpaka kituo kikubwa cha Nairobi, na kule barua inangoja kama kwenye posta. Halafu mashine yetu inasema jina lake, inauliza kama kuna barua zake, na kama zipo zinashuka. Nilimuelewa vizuri. Ilikuwa phonie, ila haihitaji koo.

Alikaa siku mbili. Aliniachia karatasi moja ya maelezo na kuondoka na ndege yake, akaahidi kurudi mwisho wa mwezi uliofuata.

Ndege ilipokuwa bado inasikika, mkubwa wa ofisi aliniita. Alikuwa mtu wa haki, mkavu, wa kuvaa koti la abacost lililopigwa pasi hata Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya mikono kwa wote.

"Citoyenne," akasema, "hii kitu si ya mutu aliishia deuxième. Kinshasa iko kijana mwenye diplôme d'État, nimemuandikia kwa pouche ya barua. Ndege ikirudi na kukuta mashine inatembea, kijana abaki kwao. Ikikuta haitembei, yeye njo ataishika."

"Na nyumba, directeur?"

Aliangalia karatasi zake. "Nyumba ni ya phonie. Na phonie, kuanzia sasa, ni ile mashine."

Nilirudi chumbani, nikafuta vumbi kwenye kioo, nikaketi.

Kwa siku chache mashine ilitembea. Kisha mvua ikanyesha siku tisa mfululizo. Umeme wa mashine ulitoka kwenye batri mbili za gari, na batri zilikula jua kupitia vioo vilivyofungwa juu ya paa. Jua lilipokosekana, batri zikafa mashine ikiwa katikati ya kuandika. Siku ya kumi nilipoiwasha, programu ya barua iliamka kama mtu aliyetoka kwenye homa kali: ilikuwa haijui chochote. Haikujua kasi ya kijisanduku, haikujua Nairobi, haikujua iko wapi. Ikaanza kuuliza, mstari baada ya mstari, na mshale mdogo wa kijani ukipepesa kungoja jibu.

Nilichukua karatasi ya fundi, na kidole kimoja juu ya karatasi na kimoja juu ya kibonye nikajibu. Kasi: namba aliyoandika. Saa za kutuma: asubuhi saa tano, alasiri saa kumi. Mahali pa kuweka barua zikishuka: neno refu lenye mikwaju, nalo nikalinakili mkwaju kwa mkwaju. Jina la kituo kikubwa. Kisha jina la kituo chetu, na hapo fundi alikuwa ameandika kwa Kifaransa: kama kwenye phonie. Huo ulikuwa mstari pekee ambao sikuhitaji kusaidiwa. Niliujaza bila hata kutazama vidole.

Mstari wa mwisho ulikuwa wa jina la opérateur, mwenye kuendesha, litakalotokea chini ya kila barua. Fundi alikuwa ameandika: weka lako. Nikauacha wazi. Sikutaka kuandika jina ambalo huenda lingefutwa baada ya wiki nne.

Alasiri ile barua zetu mbili zilikwenda. Niliusikia mlio, na kioo kikasema zimepokelewa. Kisha mashine ikauliza kama kuna zetu. Jibu: hakuna.

Kesho yake, hakuna. Wiki nzima, hakuna. Nikadhani watu hawajaandika, mpaka asubuhi moja ofisi ya Kisangani ilipotukamata kwenye phonie, sauti imejaa uchungu.

"Bunia Bunia, hapa Kisangani Kisangani. Barua yenu tulipata! Tulijibu mara mbili! Weye hausomake? À vous."

Basi mashine ilikuwa na mdomo lakini haina sikio. Mkubwa aliposikia alitikisa kichwa kidogo tu, na kichwa chake kikitikisika kidogo kilikuwa kibaya kuliko makelele ya mtu mwingine.

Nilichukua daftari la shule la mdogo wangu wa mwisho, lililobaki na kurasa nyeupe nyuma, nikaweka sheria yangu: kila siku nitabadilisha mstari mmoja tu, nitaandika ulikuwaje na nimeufanya nini, nitangoja saa kumi, na kama hakuna mabadiliko nitaurudisha. Sikusoma vitabu vya mashine. Lakini nilikuwa nimepika kwa kuni mbichi miaka kumi, na ukitaka kujua ni kuni ipi inayotoa moshi, unatoa moja moja.

Nikabadilisha kasi. Siku hiyo hata kutuma kulikufa. Nikairudisha. Nikabadilisha saa. Nikabadilisha mahali pa kuweka barua, nikidhani labda zinashuka na kupotelea ndani. Nikazungusha waya. Nikasogeza kijisanduku mbali na redio, kisha karibu. Dada yangu aliniletea bugali na sombe ya majani ya muhogo ofisini kwa sababu sikutoka kula.

"Yaya," akasema, yaani dada mkubwa, "utaoa ile mashine?"

"Kama inakuja na nyumba, naoa."

Alicheka, lakini akaketi mlangoni akiangalia uani, na nilijua anawaza Mongbwalu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mtu anayekatishwa shule mwaka wa mwisho haridhiki tena na kitu.

Habari husafiri kwenye phonie hata usipoisema. Alhamisi moja, saa nne, watu wamejaa kwenye ubao wa kungojea, sauti ya baba mdogo ikaingia, kubwa, ya mtu anayedhani umbali unashindwa kwa kupiga kelele.

"Bunia Bunia, hapa Gety Gety. Mutoto wa kaka, nasikia ile nyumba inapata mwenyewe mupya. Ng'ombe iko nangojea kijana. Nikuje lini? À vous."

Kabla sijabonyeza, mtu wa Mongbwalu akaingilia. "Gety Gety, wacha ng'ombe ikule majani yake! Fréquence ni ya batu yote!"

Ubao mzima ulicheka. Nilingoja wamalize. "Gety Gety, hapa Bunia Bunia. Papa mudogo, ndege bado haijarudi. Siye tungali chini ya bati. À vous."

Ndani ya ofisi yake mkubwa alikuwa ameacha kupiga muhuri. Niligundua kwa sababu ukuta ule ni mwembamba.

Zilikuwa zimebaki siku sita ndege irudi. Kila mstari niliojaza kwenye programu nilikuwa nimeutoa na kuurudisha, isipokuwa mmoja, na huo sikuuwazia kabisa kwa sababu ndio pekee nilioujua.

Alasiri hiyo alikuja mama mmoja muuza makayabu, mtu wa ziwani upande wa Mahagi, mwenye beseni lake la samaki lililotia harufu chumba kizima. Mume wake alikuwa Mahagi na alingoja kusikia kama mzigo umepakiwa. Saa tisa nikaanza.

"Mahagi Mahagi, hapa Bunia Bunia."

Mkoromo mtupu. Nikarudia. Nikarudia tena.

"Mama ya phonie," akasema yule mama, "batu ya kwetu iko viziwi?"

"Hapana, mama. Ni mvua. Tunaita jina mara mbili, moja ikipotea nyingine ifike."

"Aa! Basi bwana yangu nitamuita mara mbili mbili, labda hata sabuni ataleta." Watu wakacheka, naye akapata nguvu. Akaonyesha mashine kwa kidevu. "Na ile ya kioo? Nayo munaita mara mbili? Nayo iko na mvua mu masikio?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikageukia kioo. Mahagi ilikuwa imeshaitika, nami sikuisikia mpaka mama aliponigusa bega. Nilichukua ujumbe wake wote, mzigo umepakiwa, magunia manne, mtoto amepona, nikamsomea mumewe mpaka mwisho, kwa sababu karatasi ya mtu haikatizwi. Kisha nikamaliza waliobaki kwenye ubao.

Nilipofungua mistari ya programu niliiona papo hapo. Kama kwenye phonie, fundi alikuwa ameandika, na kwenye phonie mimi sijawahi kuwa Bunia mara moja. Nilikuwa nimeandika BUNIABUNIA, neno moja refu, bila pengo. Kila alasiri mashine yangu ilikwenda Nairobi kwa adabu, ikataja jina hilo, ikauliza kama kuna barua zake, na Nairobi ikajibu ukweli: mtu wa jina hilo hana barua. Barua zote zilikuwa zimeandikiwa Bunia. Zilikuwa zimelala pale pale, mbele ya uso wake.

Nikafuta herufi tano. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Mama wa samaki alikuwa hajaondoka, alitaka kuona ni kitu gani alichokisema.

Mlio ukatoka. Kimya. Mlio wa mbali ukajibu, haukukoma, ukaendelea, na kwenye kioo mistari ya kijani ikaanza kupanda mmoja baada ya mwingine. Barua kumi na nne.

"Inatapika!" akasema mama, akirudi nyuma na beseni lake. "Mungu wangu, inatapika!"

Hatukuwa na cha kuchapishia. Barua ikishuka niliisoma kwenye kioo na kuinakili kwa kalamu kwenye karatasi ya phonie. Niliandika mbili za Kisangani, ya dawa, ya mtu aliyefiwa. Ya saba ilikuwa ya mkubwa, kutoka Kinshasa. Yule kijana mwenye diplôme alikuwa tayari kuja. Aliomba athibitishiwe ndege, na akauliza: nimeambiwa kuna nyumba, je, iko wazi?

Nilikuwa peke yangu na barua ile. Mama wa samaki hakusoma Kifaransa. Kibonye cha kufuta nilikijua, nilikuwa nimekitumia robo saa iliyopita. Nisiponakili, barua haipo. Nilikaa nikiangalia mshale unavyopepesa. Mzee wangu wa phonie alikuwa na neno lingine, alilisema siku alipoondoka, ameshapanda gari: "Mutu wa phonie hakulake karatasi ya batu. Hata kama iko na njaa."

Nikainakili. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, hata lile swali la nyumba, na alama yake ya kuuliza. Nilipopeleka zote kumi na nne niliiweka ile juu.

Mkubwa alisoma amesimama. Alisoma mara mbili.

"Umesoma hii?"

"Mimi njo nimeiandika, directeur."

"Na umeiweka juu."

"Iko nangoja jibu kuliko zingine."

Aliangalia nje ya dirisha. Uani kulikuwa na kamba yetu ya nguo, mashati mawili ya shule na blauzi moja, na chini yake mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa alikuwa mrefu kunishinda, akichonga mpini wa jembe la salongo.

"Chukua kalamu," akasema mkubwa. "Mashine inatembea. Tunamushukuru. Asijisumbue na safari." Akatazama tena uani. "Kuhusu nyumba, muambie iko na batu ndani."

Alikuwa amesema kwa Kiswahili, na barua za Kinshasa hazikuandikwa hivyo hata siku moja.

"Niigeuze kwa Kifaransa?"

"Andika namna unajua," akasema, akikalia kiti chake. "Weye njo opérateur."

Nilirudi kwenye kioo kabla jua halijaacha paa. Niliandika jibu, nikaliangalia, halafu nikafungua tena mistari ya programu nikashuka mpaka ule wa mwisho, niliouacha wazi. Nikaweka jina langu. Mara moja.

Fundi aliporudi na ndege alikuta barua thelathini zimesomwa na kupelekwa, na daftari lenye kila nilichobadilisha. Aliomba alichukue, nikamnyima, lilikuwa la mtoto. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kabla yake ilikuja Alhamisi, saa nne, ubao umejaa, na mimi nikavuta kipaza sauti karibu.

"Gety Gety, hapa Bunia Bunia. Papa mudogo, tafuta muchungaji mwingine. À vous."